Ramani niliyoskani inasoma vipimo vya uongo, na mhandisi anaona fremu tupu. Nifanyeje?

Swali: "Mtaalamu, nina ramani ya nyumba ya zamani, iko kwenye karatasi ya A3, skeli 1:100. Nataka kuongeza vyumba viwili upande wa nyuma. Niliiskani kwa dpi 300 (vidoti 300 kwa kila inchi), nikaihifadhi kama JPEG, nikaiingiza kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani. Ukubwa nilirekebisha kwa kutumia mlango ulioandikwa sentimita 90. Sasa ukuta mrefu ulioandikwa mita 12.00 unasoma 12.31, na ukuta wa ubavuni ulioandikwa mita 8.40 unasoma 8.67. Nusu ya kuta nimeshazichora juu ya picha. Tena, nilipomtumia mhandisi faili la DWG, yaani faili la mchoro wa AutoCAD, alisema haoni kitu ila fremu tupu yenye jina la faili. Rafiki yangu ananishauri ninakili picha na kuibandika moja kwa moja ili isipotee, kisha nitafute programu ya kuigeuza yote iwe mistari. Je, hiyo ndiyo njia? Na kosa la vipimo limetoka wapi?"

Ndugu msomaji, umeeleza vizuri kiasi kwamba namba zako zenyewe zimeshatoa nusu ya jibu. Unasumbuliwa na mambo matatu: vipimo havikubaliani na maandishi, mhandisi haoni picha, na hujui kama ushauri wa rafiki utakuokoa au utakuongezea kazi. Kwanza nikutoe hofu: hakuna kilichoharibika. AutoCAD haijakosea, na skana yako huenda ni nzima. Ila tafadhali usiendelee kuchora juu ya picha hiyo hadi umalize kusoma.

Nianze na la mhandisi kwa kuwa ndilo jepesi. Wengi hudhani kwamba ukiingiza picha kwenye mchoro, picha inakaa ndani ya faili la DWG kama inavyokaa ndani ya barua uliyoandika kwenye Word. Haikai. Amri ya IMAGEATTACH huandika ndani ya DWG mambo machache tu: jina la faili la picha, folda lilimo, sehemu ya kuiweka, ukubwa wake na imezungushwa kiasi gani. Kila unapofungua mchoro, AutoCAD huenda kwenye folda hilo kuifuata picha. Ulichomtumia mhandisi ni anwani. Nyumba yenyewe imebaki kwenye kompyuta yako. Kompyuta yake ilitafuta folda ambalo kwake halipo, ikakosa, ikamwonyesha fremu na jina. Akifungua kidirisha cha External References, chenye orodha ya faili zilizounganishwa na mchoro, ataikuta picha hiyo imeandikwa Not Found, yaani haikupatikana.

Tiba yake ni hii. Weka picha na DWG kwenye folda moja. Fungua External References, bofya jina la picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha badili aina ya njia iwe Relative, yaani njia inayohesabiwa kuanzia pale mchoro ulipo. AutoCAD za kuanzia toleo la 2018 huchagua hivyo zenyewe, lakini zilizotangulia huandika njia kamili kuanzia herufi ya diski, na njia kamili haimfai mtu mwingine yeyote. Wakati wa kutuma, tumia amri ya ETRANSMIT. Yenyewe hukusanya mchoro, picha zake na fonti zake katika faili moja la zipu. Kama unatuma kwa programu ya ujumbe kwenye simu, tuma zipu hiyo kama hati. Ukituma picha kama picha, programu nyingi za ujumbe huibana, na mhandisi hupokea kitu kilichofifia.

Kuhusu kunakili na kubandika, sikushauri. Picha unayoibandika kwenye AutoCAD huingia kwa utaratibu wa zamani wa Windows uitwao OLE. Ni kweli inakaa ndani ya DWG, na hapo rafiki yako hajakosea. Lakini huwezi kuizungusha, huwezi kuikata kingo kwa IMAGECLIP, huwezi kuififisha ili mistari yako ionekane juu yake, na ubora wake kwenye printi hubadilika kutokana na mipangilio ya kompyuta inayochapisha. Faili nalo hunenepa. Zipo programu nyingine ambazo huhifadhi picha ndani ya faili lao bila shida, SketchUp ikiwa mojawapo, kwa hiyo ushauri aliokupa huenda aliupata kwa kazi za huko. Kwa AutoCAD, kiungo na ETRANSMIT ndiyo njia salama.

Sasa tuje kwenye vipimo, ambavyo ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu fremu tupu kila mtu anaiona, lakini ukuta uliokosewa sentimita 30 unaweza kufika hadi kwenye msingi bila mtu kushtuka.

Picha haina mita. Ni safu za vidoti, yaani pikseli, na pengine lebo moja inayosema vidoti 300 viingie katika kila inchi ya karatasi. Lebo hiyo inaeleza ukubwa wa karatasi, haijui lolote kuhusu nyumba. Na kama picha haina hata lebo hiyo, AutoCAD huipa tu upana wa uniti 1. Mita zinaingia pale wewe unapobofya pointi mbili na kusema, "hapa hadi hapa ni sentimita 90." Kuanzia hapo picha nzima inategemea usahihi wa mibofyo hiyo miwili.

Tuhesabu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kwa dpi 300 kila pikseli inabeba karibu milimita 0.085 ya karatasi. Kwa skeli ya 1:100, hiyo ni milimita 8.5 ya nyumba halisi. Mstari wa kalamu wa milimita 0.25 una unene wa pikseli tatu hivi, yaani milimita 25 za nyumba. Ukibofya ukingo wa ndani wa mstari upande mmoja na katikati ya mstari upande wa pili, umeshapoteza zaidi ya sentimita moja bila kuona. Kwako, mita 12.00 imekuwa 12.31, picha imekuzwa kwa asilimia 2.6. Maana yake pointi ulizoziita sentimita 90 zilikuwa kwa kweli karibu sentimita 87.7. Umekosa milimita 23 tu, chini ya pikseli tatu, na kwa jicho hutaona kosa lolote. Lakini mlango ni mfupi: milimita 23 kati ya 900 ni asilimia 2.6, na asilimia hiyo ikienda kwenye ukuta wa mita 12 inakuwa sentimita 31. Ungefanya kosa lile lile la milimita 23 kwa kutumia ukuta mrefu, picha nzima ingekosea kwa asilimia 0.2 tu.

Kwa hiyo kanuni ni kutumia kipimo kirefu kuliko vyote kilichoandikwa kwenye ramani. Andika SCALE, chagua picha, bofya pointi ya msingi kwenye kona moja ya ukuta mrefu, chagua Reference, bofya kona hiyo tena kisha kona ya mwisho, halafu andika urefu halisi. Vuta karibu sana kabla ya kila mbofyo, na kama umeanza na ukingo wa nje wa mstari, malizia na ukingo wa nje. Picha ikiwa imekaa upande, ALIGN inafanya kazi bora zaidi, kwa sababu kwa pointi mbili inazungusha na kurekebisha ukubwa kwa pamoja. Ikikuuliza kama ibadilishe ukubwa, kubali. Angalizo moja: kwa ALIGN, pointi unazolenga lazima ziwe na umbali sahihi kati yake, kwa hiyo chora kwanza mstari wa mita 12.00 kamili pembeni, ndipo uilaze picha juu yake.

Hapo tatizo la kwanza limekwisha. Lakini tazama ukuta wako wa pili. Kama kosa lilikuwa moja tu, mita 8.40 iliyokuzwa kwa asilimia 2.6 ingesoma 8.62. Wewe umepata 8.67. Hata ukisharekebisha ukuta mrefu ukawa 12.00 barabara, ukuta wa ubavuni utasoma kama mita 8.45. Kuna sentimita 5 za ziada upande mmoja tu, na SCALE haiwezi kuziondoa kwa sababu inakuza na kupunguza pande zote kwa kiwango kimoja.

Sentimita hizo zimetoka kwenye karatasi yenyewe au kwenye mashine. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, na haitanuki sawa: inatanuka zaidi kwa kukatisha nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Skana ya kuvuta karatasi kwa roli nayo inaweza kuteleza kidogo, picha ikarefuka upande wa mvuto. Na kama ulichonacho ni fotokopi ya fotokopi, kila mashine iliyopitia imeongeza kasoro yake. Ndiyo maana ninasisitiza upime pande mbili kila unapoingiza ramani iliyoskaniwa, ulalo na wima, na uongeze mshazari. Kwa nyumba yako ya 12.00 kwa 8.40, kila mshazari uwe karibu mita 14.65. Mshazari mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, picha imepinda kama sanduku lililosukumwa, na hilo halitibiki kwa kubadilisha ukubwa.

Una njia mbili za kushughulikia hizo sentimita 5. Unaweza kurekebisha picha yenyewe kabla ya kuiingiza: ifungue kwenye programu ya kuhariri picha, inyooshe kwanza hadi ukuta mrefu ulale sawa na ukingo wa chini, kisha punguza urefu wa wima peke yake hadi asilimia 99.4. Ukiondoa kifungo kinachofunga upana na urefu pamoja, A3 iliyolala yenye safu 3508 itabaki na safu takriban 3487. Ihifadhi kwa jina jipya ili ya asili ibaki. Kwa upotofu mgumu zaidi, programu huria ya QGIS ina zana iitwayo Georeferencer: unaipa pointi kadhaa na mahali pake sahihi, nayo inaikunjua picha. Hii huwafaa zaidi wenye ramani za viwanja na picha za angani.

Njia ya pili ndiyo ninayokushauri wewe: iache picha na upotofu wake mdogo, iwe mwongozo wa kuona tu, na uchore kila ukuta kwa namba iliyoandikwa. Picha ikuambie ukuta upi unakutana na upi, mlango unafungukia wapi, dirisha liko chumba gani. Urefu uutoe kwenye maandishi, uuandike kwa kibodi. Ukuta ukiandikwa 3.60, andika 3.60 hata kama mstari kwenye picha unaishia pembeni kidogo. Jicho litakusumbua mwanzoni, litataka kuufuata mstari wa picha. Usilitii.

Ni kwa sababu hiyo nakuomba ufute nusu ya kuta ulizokwisha kuchora. Najua inauma. Ungeweza kuzipunguza kwa 12.00 gawanya kwa 12.31, lakini ungesahihisha upande mmoja na kubaki na zile sentimita 5 upande wa pili, tena kila kona ingebaki na mtetemo wa mkono wako. Kuta za nyumba moja huchorwa haraka ukishakuwa na vipimo mkononi. Kutafuta kosa lililofichika humaliza muda mara nyingi zaidi.

Ukianza kuchora kwa maandishi utakutana na jambo ambalo picha peke yake isingekuonyesha. Jumlisha vipimo vya vyumba na unene wa kuta kwa mstari mmoja, uone kama vinafika 12.00. Mara nyingi havifiki. Huenda mchoraji alipima hadi katikati ya ukuta na wewe umesoma kama ukingo, au lipu imehesabiwa sehemu moja na kusahaulika nyingine, au kuna tarakimu imeandikwa vibaya. Usiliamue hilo kwa kupima picha. Weka alama, na ukalipime kwenye jengo lenyewe.

Kuhusu programu za kugeuza picha kuwa mistari: zipo, na kwa kazi fulani ni nzuri. Mistari ya mwinuko kwenye ramani ya ardhi, nembo, nakshi za geti, vitu vya mikunjo mingi ambavyo usahihi wa milimita hauhitajiki, hapo zitakuokolea muda. Kwa ramani ya nyumba ni hasara. Programu haijui kwamba huu ni ukuta. Inafuata mpaka kati ya weusi na weupe. Mstari wako wa pikseli tatu utageuzwa kuwa mistari miwili ya kingo, au mmoja wa katikati wenye mawimbi. Ukuta mmoja utatoka vipande vingi visivyogusana, pembe ya nyuzi 90 itakuwa 89.6, mduara utakuwa vipande vya mistari mifupi, na namba za vipimo zitageuka mikunjo isiyosomeka kama maandishi. Na upotofu wote wa picha utabaki ndani yake, safari hii ukiwa umevaa sura ya mchoro sahihi. Kinachonitisha ni hiyo sura: mtu anayepokea DWG ya mistari safi huiamini.

Kabla ya hayo yote, uliza swali moja: je, aliyeichora ramani hii bado ana PDF yake? Kama ipo, ifungue na uvute karibu sana. Mistari ikibaki mikali bila kuvunjika vidoti, hiyo PDF ina mistari halisi ndani yake, na AutoCAD kuanzia toleo la 2017 inaweza kuitoa kwa amri ya PDFIMPORT, ikiwa na skeli isiyopinda. Mistari ikivunjika vidoti, hiyo ni picha iliyovikwa PDF, na amri hiyo itakurudishia picha tu.

Ukiskani upya, dpi 300 inatosha. Dpi 600 inazidisha pikseli mara nne na haipunguzi hata chembe mtanuko wa karatasi. Ila achana na JPEG kwa michoro ya mistari. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli nane kwa nane, na kandokando ya mstari mweusi huacha ukungu wa vidoti vya kijivu, ndipo unapopata shida ya kujua ukingo uko wapi. Tumia PNG au TIFF, na kama ramani ni nyeusi kwa nyeupe tu, skani hivyo hivyo kwa rangi mbili. A3 ya rangi kamili kwa dpi 300 inachukua karibu megabaiti 52 kwenye kumbukumbu ikishafunguliwa. Ya rangi mbili haifiki megabaiti 3. Tena picha ya rangi mbili hufuata rangi ya leya yake (tabaka la mchoro ilimowekwa), na amri ya TRANSPARENCY inaweza kuondoa weupe wa nyuma. Picha ya simu usiitumie kabisa kwa kupimia: upande ulio karibu na lenzi huwa mkubwa kuliko wa mbali.

Picha iweke kwenye leya yake peke yake, uifunge ili usiisogeze kwa bahati mbaya, na uipeleke nyuma kwa DRAWORDER. Ififishe kwa IMAGEADJUST. Fremu ikikukera kwenye printi, weka IMAGEFRAME iwe 2: itaonekana kwenye kioo bila kuchapishwa. Usiiache 0 wakati bado unafanya kazi, kwa sababu katika matoleo ya zamani picha hukataa kuchaguliwa na utadhani programu imegoma. Na ukikata kingo kwa IMAGECLIP kuficha jina la mwenye nyumba na sahihi kwenye kona ya ramani, elewa kwamba umeficha tu. Faili la picha lililomo kwenye zipu bado lina kila kitu. Kama hutaki vionekane, vikate kwenye programu ya picha kabla.

Mwisho, kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Ramani ya zamani inaeleza kilichokusudiwa kujengwa, na jengo linaweza kuwa tofauti. Kwa kuwa unaongeza vyumba, mhandisi wako afike aone ukuta wa nyuma, msingi wake na jinsi paa linavyobebwa, hasa kama unataka kutoboa mlango mpya hapo. Kama vyumba vipya vinakaribia mpaka wa kiwanja, mpaka huo uonyeshwe na mpima ardhi mwenye leseni. Usiupime kwenye ramani iliyoskaniwa, hata ukiwa umeinyoosha vizuri namna gani. Na wewe mwenyewe nenda na futi kamba, upime ukuta wa nyuma wote, kona hadi kona kwa nje, kisha unene wa ukuta kwenye uwazi wa dirisha, kisha mishazari miwili ya chumba kitakachopakana na ujenzi mpya. Vipimo hivyo vikitofautiana na maandishi ya ramani, mpelekee mhandisi vyote viwili kabla hujachora vyumba vipya.